Pamba inanyauka shambani na wewe uko Dar: pasua shina kabla hujatuma hela ya dawa

Kuanzia Januari hadi Machi swali huwa lile lile. Mtu yuko Tabata au Mbagala, shamba liko Maswa, Meatu, Bariadi au Kishapu, na ametumiwa picha moja ya WhatsApp: majani yamelala, jua la saa nane, na chini yake maneno machache, "pamba inakufa, tuma hela ya dawa." Anachotaka kujua ni dawa gani aifuate Kariakoo aipakie kwenye basi la kesho.

Usiifuate bado. Kama ni ugonjwa wa mnyauko wenyewe, hakuna dawa ya kupulizia inayoponya mche ulioshikwa. Kama siyo mnyauko, hiyo dawa ya ukungu utakuwa umeinunulia tatizo lisilokuwepo. Hali zote mbili hela imekwenda. Kinachohitajika kwanza ni kisu, mtu wa kukishika, na dakika kumi za asubuhi.

Kuhusu ugonjwa nitasema machache tu. Mnyauko unaosumbua zaidi pamba ya Kanda ya Ziwa ni mnyauko fuzari. Ni ukungu unaoishi kwenye udongo, unaingia kwa mizizi, unapanda ndani ya shina na kuziba mirija inayopeleka maji juu. Ndiyo maana kupulizia majani hakufiki kwenye tatizo. Ukungu huo unakaa ardhini miaka mingi hata bila pamba, na unasafiri kwa udongo, kwa maji ya mvua na kwa mbegu. Tanzania unajulikana tangu miaka ya 1950. Upo pia mnyauko vetisili, unaopenda zaidi ubaridi. Ndani ya mwongozo huu nitaugusa pale tu inapobidi, maana hatua za shambani karibu zote ni zile zile.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Mtu mmoja shambani anayeaminika, mwenye simu inayopiga picha inayoonekana. Siyo lazima awe mtaalamu. Awe mvumilivu.
- Kisu kikali. Kisu butu kinaponda shina na picha haisemi kitu.
- Jembe au chepe la kuchimbia mizizi.
- Sarafu, ya kuweka pembeni ya shina ili ujue ukubwa wa unachokiona.
- Magazeti ya zamani, bahasha za kaki na mifuko miwili mitatu ya nailoni.
- Brashi ngumu, ndoo ya maji na sabuni ya unga kwa ajili ya zana.
- Majibu ya maswali manne: mbegu ni aina gani na ilitoka wapi, ilipandwa lini, misimu miwili iliyopita shamba lilikuwa na nini, na ardhi ni ya luseni au ya mbuga. Luseni, ule mchanga mwepesi, ndiko fuzari na minyoo fundo, ile midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi, hustawi pamoja. Mbuga nyeusi husumbuliwa zaidi na maji kutuama, na wengi hukosea kuita hilo mnyauko.

Hatua

1. Tuma maagizo, tena kwa maandishi. Ukipiga simu ukasema "hebu niangalizie," utaletewa picha ileile kwa pembe nyingine. Huu hapa ujumbe unaoweza kuunakili, badilisha tu jina la mtu:

"Shikamoo baba mdogo. Naomba kesho asubuhi kabla jua halijawa kali uende kwenye ile pamba iliyolala. Chagua mche mmoja mgonjwa ambao bado haujakauka, na mmoja mzima wa jirani yake. Ichimbe yote miwili kwa jembe, usiing'oe kwa mkono. Kata kila shina kwa mshazari, juu ya ardhi kidogo, kiasi cha upana wa kiganja, halafu lipasue kwa urefu kuelekea juu. Ilaze miwili pamoja, weka sarafu katikati, piga picha hapo hapo. Halafu piga picha ya mizizi. Halafu rudi nyuma upige shamba zima. Asante baba."

2. Angalia shamba saa kumi na mbili asubuhi, siyo saa nane mchana. Pamba nzima kabisa hulaza majani jua likiwaka na ardhi ikiwa kavu, na jioni inasimama tena. Inayokutia wasiwasi ni ile ambayo alfajiri, na umande ukiwa bado juu, majani yamelegea. Hatua hii peke yake humaliza kesi nyingi, na haigharimu kitu.

3. Soma majani kuanzia chini. Fuzari kwa kawaida huanza na majani ya chini: yanageuka manjano pembezoni au katikati ya mishipa, manjano inakuwa kahawia, jani linadondoka, na hali inapanda juu. Mche mdogo unaweza kufa wote kwa siku chache. Mkubwa hudumaa, unabaki mfupi kati ya wenzake, na mara nyingine upande mmoja ndio unaonyauka huku mwingine ukiwa kijani. Kwenye vetisili jani hupata mabaka ya manjano katikati ya mishipa huku ukingo wa mishipa ukibaki kijani. Kwa picha ya simu tofauti hiyo haionekani vizuri, kwa hiyo usijipe kazi ya kuitafuta.

Majani peke yake hayatoshi kuhukumu. Kukosa maji, kujaa maji, upungufu wa potasiamu na wadudu, vyote vinatoa manjano.

4. Pasua shina. Hapa ndipo penyewe, kwa hiyo tulia.

Kata shina kwa mshazari karibu na ardhi, halafu lipasue kwa urefu kuelekea juu. Shina zima ndani ni jeupe lenye ukijani kidogo, bichi, linang'aa maji. Shina lenye fuzari linaonyesha rangi ya kahawia, mara nyingine karibu nyeusi, chini kidogo ya gome: ukikata kwa upana unaona pete au nukta zilizojipanga kama mduara, ukipasua kwa urefu, nukta zilezile zinakuwa michirizi inayopanda.

Makosa matatu hutokea hapa kila msimu. La kwanza ni kuangalia kiini. Ile sehemu laini katikati kabisa ya shina huwa kahawia hata kwenye mche mzima uliokomaa. Unayoitafuta ni pete iliyo karibu na gome. La pili ni kuchelewa kupiga picha. Shina lolote likikatwa likaachwa juani hubadilika rangi, na picha iliyopigwa baada ya mtu kurudi nyumbani na kunywa chai haina maana. La tatu ni kukata mche uliokauka tayari. Mti mkavu wote ni kahawia. Kata unaoumwa, siyo uliokufa.

Na ndiyo sababu nasisitiza mche mzima ulazwe pembeni. Ukiuona mmoja tu utajishawishi chochote.

5. Tazama mizizi. Imechimbwa, siyo kung'olewa, kwa sababu ukivuta, vijizizi vyenye ushahidi vinabaki ardhini. Suuza taratibu kwenye ndoo. Unatafuta vinundu: uvimbe ulio ndani ya mzizi wenyewe, haubanduki kwa kidole. Hiyo ni minyoo fundo. Inaumiza mizizi, na pamba yenye minyoo fundo hushikwa na fuzari kwa urahisi zaidi, hata aina ya mbegu inayostahimili. Ukikuta pete ya kahawia kwenye shina na vinundu kwenye mizizi, una matatizo mawili, na mpango wako wa msimu ujao lazima uyajibu yote.

Kama gome la chini limetafunwa na kuna vijia vya udongo, huyo ni mchwa. Funga daftari la mnyauko.

6. Hesabu. Neno "shamba lote limekwisha" halina kipimo. Mtu wako atembee kwa kukatiza shamba zigizaga, asimame sehemu kumi, kila sehemu aangalie miche ishirini mfululizo kwenye mstari na kuandika mingapi inaumwa. Jumla miche mia mbili. Idadi ya wagonjwa gawa kwa mbili, umepata asilimia. Aonyeshe pia iko wapi: imetawanyika mmoja mmoja, au imeshika viraka? Viraka vinavyofuata mkondo wa maji au mwelekeo wa plau vinakupa picha ya jinsi ugonjwa unavyotembea.

Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 30, mche mmoja kwa shimo, ekari moja ina miche kama 22,000. Kwa hiyo miche hamsini iliyolala kando ya njia inatisha machoni lakini haijakula mavuno yako. Majirani zake watatanuka na kufidia. Mimi naamua hivi: chini ya mitano kwa mia, ng'oa mmoja mmoja na uendelee na kazi. Viraka vilivyo wazi, vitenge kama ilivyo kwenye hatua ya 7. Ikipita ishirini kwa mia, usiongeze gharama ya mbolea wala palizi isiyo ya lazima. Vuna utakachopata, na msimu ujao hapo pasipandwe pamba.

7. Ng'oa, choma, tenga. Mche mgonjwa utoke na mizizi yake. Usiburutwe katikati ya mistari. Uwekwe kwenye kiroba na uchomwe ndani ya kiraka hicho hicho, siyo upelekwe nyumbani kuwa kuni. Najua mabua ya pamba ni kuni nzuri. Ya kiraka kile yasiondoke.

Kiraka kizungushiwe vijiti ili kila anayepalilia akijue. Kipaliliwe mwisho kabisa, baada ya shamba lote. Jembe, plau, viatu na kwato za maksai hubeba udongo. Kila vikitoka hapo brashi ipite, kisha maji na sabuni. Kama mnaazimana plau na jirani, na nani haazimi, mwambie ukweli na lioshwe kabla halijavuka mpaka. Kwenye mteremko, piga matuta ya kukinga maji juu ya kiraka ili mvua isikokote udongo wake kwenda chini.

Usimwagie shimo dawa ya ukungu, mafuta ya taa wala jivu la moto. Yote nimeulizwa.

8. Thibitisha, kama hesabu imefika mahali pa kuumiza. Mwanzo ni afisa ugani wa kata au AMCOS yenu, yaani chama cha msingi cha ushirika. Zaidi ya hapo, kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Ukiriguru, wilayani Misungwi, ndicho kinachofanya utafiti wa pamba Kanda ya Ziwa. Kwa Kanda ya Mashariki kuna TARI Ilonga, Kilosa. Vipande vya shina la chini, urefu wa kama kiganja na nusu, vifungwe kwenye gazeti na kuwekwa kwenye bahasha ya kaki. Visifungwe kwenye nailoni, vitaoza njiani na mtaalamu atapokea uozo badala ya ugonjwa. Mizizi pamoja na udongo wake ndiyo inayokwenda kwenye nailoni, ikae kivulini. Juu andika kijiji, aina ya mbegu, tarehe ya kupanda na zao lililotangulia.

Mzigo usipakiwe kuja Mbezi kwa Magufuli ili wewe "uuone kwa macho." Utauona, na hutaweza kuufanyia lolote. Na kuleta udongo wenye ugonjwa kutoka Ziwa mpaka Pwani ni kuupa ugonjwa nauli.

9. Hela uliyotaka kutuma ya dawa, itunze kwa ajili ya Novemba, wakati wa kupanda. Huku ndiko inakofanya kazi.

Kwanza mbegu. Nunua iliyothibitishwa, kupitia mfumo unaotambulika, na ukipata isiyo na manyoya chukua hiyo. Usichukue mbegu ya kiwanda cha kuchambua pamba, wala ile aliyobakiza jirani, wala iliyotoka kwenye kiraka chako mwenyewe. Ukungu unaweza kukaa hadi kwenye ganda la mbegu, kwa hiyo hata kuondoa manyoya kunapunguza hatari bila kuimaliza. Ukiriguru wamezalisha aina za UK kwa miaka mingi, na ustahimilivu wa mnyauko ni mojawapo ya mambo waliyoyatafuta. UKM08 na UK91 ni kati ya majina utakayoyasikia. Kustahimili maana yake ni kwamba mche unaweza kushikwa na bado ukazaa. Usipige simu kwa hasira ukikuta mmoja umelala.

Pili, mzunguko wa mazao. Kwenye ardhi iliyoshikwa, misimu mitatu bila pamba ni mwanzo mzuri. Haitausafisha udongo, itapunguza wingi wa ukungu. Mtama na mahindi ni sawa. Karanga ni nzuri zaidi pale ulipoona vinundu, kwa sababu aina ya minyoo fundo inayoshambulia pamba haizaliani vizuri kwenye karanga. Choroko na dengu zina soko zuri Shinyanga na najua utazitamani, lakini minyoo fundo nayo inazipenda. Alizeti vivyo hivyo. Bamia ni ndugu wa pamba kabisa, ikae mbali. Nyanya na bilinganya pia zikae mbali.

Tatu, rutuba. Samadi iliyooza vizuri inasaidia sana kwenye luseni. Naitrojeni nyingi kupita kiasi huku potasiamu ikiwa haba huongeza makali ya fuzari, kwa hiyo usijaribu kuifufua pamba ya manjano kwa kuimwagia urea. Msimu ukiisha, masalia yang'olewe na kuchomwa kabla ng'ombe wa kijiji hawajaingia kula. Wakishaingia huwatoi.

Ukikwama

Shina ni jeupe lakini mche umelala. Siyo mnyauko. Uliza mvua ilinyesha lini. Kama ni mbuga na imenyesha wiki nzima, mizizi imekosa hewa. Fungua mifereji na subiri. Kama ni kavu, subiri mvua. Kama siyo vyote viwili, rudi kwenye mizizi na gome ukatafute mchwa.

Pete ya kahawia ipo, ila mche umesimama na una vitumba. Uache. Utavunwa kama kawaida, pamba yake itauzwa kama kawaida, mbegu yake tu isirudi shambani. Mabua yake yachomwe mapema.

Miche inakufa ikiwa na majani mawili matatu. Huenda ni kinyausi, kuoza kwa shingo ya mche pale inapogusana na udongo, hasa palipopandwa ardhi ikiwa na unyevu mwingi. Shingo inakuwa nyembamba, laini, na mche unalala ubavu. Dawa ya kupakia mbegu inasaidia hapo, na mbegu iliyothibitishwa huwa imeshapakwa. Ndiyo ile rangi unayoiona, na ndiyo maana mbegu iliyobaki haipewi mifugo. Rudishia mashimo kama tarehe bado inaruhusu.

Majani yamejikunja kuelekea chini, kingo nyekundu. Hao ni chawa jani. Geuza jani, vidudu vya kijani vinavyotembea kimshazari utaviona. Hao wana dawa yao, na hapo sasa unaweza kutuma hela.

Mtu wa bustani amekuambia utumbukize shina kwenye glasi ya maji uone ute mweupe. Kipimo hicho ni kizuri kwa mnyauko bakteria wa nyanya, na wakulima wa Kigamboni wanakijua vizuri. Fuzari haitoi ute huo. Glasi ikibaki safi haimaanishi pamba yako ni nzima.

Picha haieleweki. Mwambie afute kioo cha kamera kwa kanga, ageuke jua liwe mgongoni kwake, na asisogeze simu karibu kuliko inavyoweza kuona. Picha tatu za kiasi ni bora kuliko moja iliyovutwa mpaka ikawa ukungu.

Dawa umeshanunua. Soma lebo kama inataja zao na ugonjwa wowote ulio nao kweli. Kama haitaji, iulize dukani kama wanarudisha, chupa ikiwa haijafunguliwa. Isimwagwe shambani eti isipotee bure.

Shamba ni la kukodi. Kabla hujalipia msimu ujao, usimuulize mwenye shamba tu; ana sababu ya kusema ni zuri. Waulize wa mipakani: hapa pamba iliwahi kulala? Na nini kililimwa mwaka juzi? Kama jibu ni pamba, pamba, pamba, na ardhi ni luseni, omba bei ya kupanda mtama au tafuta kwingine.

Una shamba jipya Chalinze au Kilosa na unataka kuchukua mbegu kwa mjomba Bariadi kwa sababu "ile inazaa." Usiichukue. Kanda ya Mashariki ina msimu wake, hupanda Februari na Machi wakati Ziwa wamepanda Novemba na Desemba, na ina utaratibu wake wa mbegu. Uliza Ilonga au ofisi ya kilimo ya wilaya wanatoa aina gani huko, upande hiyo.